Shajara ya kihamba: rutuba inatoka wapi, inakwenda wapi

Februari

Kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, hapa Marangu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kimelimwa vizazi kwa vizazi bila kupumzishwa, na migomba yake bado inabeba mikungu mizito mpaka tunaiwekea nguzo. Shamba letu la mahindi huko tambarare, upande wa Himo, lilifyekwa juzi tu ukilinganisha na kihamba, na tayari mahindi yake yanageuka njano kuanzia majani ya chini kabla hayajatoa mbelewele. Wanaolima ni walewale, majembe ni yaleyale. Mradi huu ni wa kujua kwa nini upande mmoja umeshiba na mwingine umekonda, na kufanya jambo juu yake.

Jibu ambalo kila mtu hulitoa ni kwamba mlimani kuna udongo wa volkano na mvua ya kutosha. Ni kweli, ila halimalizi hoja. Miamba ya volkano inatoa potasiamu, kalisi na fosforasi, lakini naitrojeni haitoki kwenye mwamba huo. Inatoka hewani, na mmea hauwezi kuivuta moja kwa moja. Halafu kila mkungu unaopakiwa kwenye lori pale Mwika kwenda Dar es Salaam unaondoka na potasiamu ambayo hairudi. Kahawa nayo imekuwa ikishuka kutoka mlima huu kwa zaidi ya karne moja. Kihamba kingekuwa kinatoa tu bila kupokea, kingekuwa kimechoka siku nyingi.

Kwa hiyo nimeanza na daftari lenye safu mbili: kinachoingia, kinachotoka. Watafiti waliovipima vihamba miaka ya 1980 walikuta wastani wa hekta 0.68 na zaidi ya aina 100 za mimea, na mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Wanaousifu mfumo huu husifu ghorofa zake: mringaringa na mfuruanje juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na maharage chini kabisa. Ghorofa hizo nazipenda sana na nimekulia ndani yake. Lakini nikikaa na daftari naona ghorofa hazielezi kila kitu. Lazima kuangalia lango.

Nilimuuliza bibi samadi huwa anaanza kuiweka wapi.

“Naanzia hapa bandani, mjukuu wangu. Ikifika kule mwisho wa masale imefika, isipofika basi. Migomba ya karibu ndiyo inayolisha nyumba.”

Nilichota udongo kuanzia bandani hadi kwenye masale, ile mimea iliyopandwa mpakani, na kuupanga juu ya gunia. Wa bandani ni mweusi, mwepesi, unavunjika vidoleni ukiwa na vijizizi vyeupe ndani. Wa mpakani ni wa kahawia na unashikana. Hata ndani ya kihamba kimoja, basi, rutuba ina kitovu, na kitovu chenyewe ni ng'ombe.

Machi

Kabla masika hayajashika nimeshona vifuko vya nyavu za nailoni, tundu zake zikiwa kubwa kiasi cha kupitisha wadudu wadogo na nyungunyungu wachanga. Kila kifuko kina majani makavu ya uzito mmoja, nimeyapima kwa mizani ya jikoni: alizeti pori, mgomba, mringaringa, mgrevilea, na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Nusu nimevilaza kihambani chini ya majani yaliyooza, nusu nimevipeleka Himo. Nataka kuona nani anaoza haraka na wapi.

Njia hii ni ya zamani na ni rahisi, shule yoyote inaweza kuifanya. Kuna watafiti waliozika vifuko vya chai kwenye miinuko mbalimbali ya Kilimanjaro kwa lengo hilohilo. Uozo ndio kinu cha mzunguko wote. Jani likidondoka lisioze, virutubisho vyake vimefungiwa ndani. Likioza upesi mno wakati hakuna mzizi wa kupokea, vinaondoka na maji.

Aprili

Mvua imekuja kweli. Nimefungua vifuko vya kwanza.

Alizeti pori haipo. Kilichobaki ni vikonyo vichache vyeusi na tope laini lililogandamana kwenye uzi wa nyavu, na ndani yake nyungunyungu mwekundu mwembamba alikuwa bado anafanya kazi. Jani la mgomba limelainika na kubaki mishipa. Mringaringa uko njiani. Mgrevilea, nilipoushika, bado ulikwaruza mkono, majani yamebadilika rangi tu. Mabua yamezungushiwa nyuzi nyeupe za kuvu, lakini umbo lake ni lilelile.

Sababu iko kwenye uwiano wa kaboni na naitrojeni. Bakteria na kuvu wanaoozesha wanahitaji vyote viwili. Jani likiwa na kaboni zaidi ya takriban sehemu 25 kwa sehemu moja ya naitrojeni, naitrojeni iliyomo haiwatoshi, na wanachota nyingine kwenye udongo, ileile ambayo mahindi yangeinywa. Ndiyo maana mkulima anayefukia mabua makavu wiki ya kupanda huona miche yake inapauka. Mabua hayana sumu. Vijidudu vimewahi mezani kabla ya mahindi. Mgrevilea una shida nyingine: umejaa lignini, ile inayoufanya mti kuwa mgumu, na ni viumbe wachache wanaoweza kuivunja.

Majani ya alizeti pori yakikauka yana karibu asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu, na ndiyo maana yanapotea hivyo. Watu wengi wamekwisha kuyaita mbolea ya bure. Nayaheshimu sana majani haya, lakini lazima niseme: alizeti pori si jamii ya kunde, haitengenezi naitrojeni kutoka hewani. Inakusanya. Ukiikata kando ya barabara na kuileta kihambani, umehamisha rutuba ya barabarani. Hili limenikaa kichwani mwezi mzima kwa sababu linagusa swali langu la Februari.

Vifuko vya Himo: huko mvua imekuwa ya vipande, na kila kitu kimeoza polepole kuliko mlimani, isipokuwa mabua. Mabua yamebebwa na mchwa. Wameacha udongo mwekundu ndani ya kifuko na wamekwenda nayo kichuguuni kwao. Nao wana safu zao mbili za daftari.

Kitu kimoja cha mvua ambacho hakihitaji kifuko: potasiamu haikujengwa ndani ya nyama ya jani, imeyeyuka kwenye maji yake. Mvua ya kwanza ikilipiga jani lililokufa, sehemu kubwa inatoka hapohapo, kabla hata ya kuoza. Migomba tuliyoikata baada ya kuvuna tumeipasua katikati na kuilaza ikikingama na mteremko, vipande vikitazama juu vikauke ili fukusi wa migomba wasipate pa kuzalia. Shina la mgomba limejaa maji yenye potasiamu. Likilala pale lilipokatwa, linarudisha kwa watoto wake.

Mei

Maharage yametoa maua. Nimeng'oa mche mmoja kihambani na mmoja Himo, nikasuuza mizizi kwenye ndoo. Wa kihambani una vinundu vingi. Nimepasua kimoja kwa ukucha, ndani ni chekundu cha waridi, kama nyama. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba bakteria walioko ndani wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa yote tunayovuta. Wa Himo una vinundu vichache, vidogo, ndani vya kijivu.

Kunde zinahitaji fosforasi ili zifanye kazi hiyo. Shamba lililokamuliwa linashindwa hata kupokea cha bure. Nitarudi hapo Novemba.

Juni

Mwezi huu kazi yote imekuwa bandani, na hapa ndipo nilipoona upotevu ulio karibu zaidi na mikono yetu.

Ng'ombe wetu ni wa ndani. Anakula mabingobingo, majani ya Gwatemala, mashina ya migomba, na mabua kutoka Himo. Watu tukisema samadi tunafikiria kinyesi. Lakini karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe, na sehemu kubwa ya potasiamu, inapitia kwenye mkojo. Fosforasi ndiyo inayokaa zaidi kwenye kinyesi. Banda lenye sakafu ya udongo linanywa mkojo wote papo hapo, mahali ambapo hakuna mmea. Na rundo la samadi lililo wazi linapoteza kotekote: jua linapandisha amonia hewani, mvua inashusha naitreti (naitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji) na potasiamu kwenye mtaro.

Ingia bandani asubuhi mapema kabla mlango haujafunguliwa vizuri. Ile harufu inayochoma pua na kutoa machozi ndiyo amonia, naitrojeni inayoondoka. Watoto wa nyumba hii wamekua wakiizoea harufu hiyo kama harufu ya ng'ombe tu.

Tuliyofanya: fundi amemwaga sakafu ya zege yenye mteremko kidogo, mfereji mwembamba unaelekea kwenye pipa lililozikwa nusu, na pipa lina mfuniko. Rundo la samadi limehamia chini ya paa la mabati chakavu, na kila tabaka la kinyesi linafuatwa na tabaka la majani makavu ya mgomba au maganda ya mahindi. Hapo mabua na mgrevilea wanapata heshima yao: ile kaboni yao nyingi ambayo shambani ingekuwa tatizo, kwenye rundo inawapa vijidudu chakula, vikaishika naitrojeni ya mkojo isiruke. Mama ameshaona tofauti kwa pua yake. Mkojo wa pipa tunauchanganya na maji kabla ya kuumwagia migomba ya mpakani, ile ambayo samadi ya bibi haikuwa ikiifikia.

Nashauri mtu mwenye fedha ya jambo moja tu aanze na paa la samadi. Sakafu inaweza kusubiri.

Agosti

Mavuno ya Himo yamekwisha. Hiki ndicho kiini cha mradi, nitaandika kwa urefu.

Mjomba ana pikapu. Kila mwaka baada ya kuvuna, gari linashuka Himo na kupanda na mabua yaliyofungwa mafungu, safari baada ya safari, mpaka ghala la juu ya banda lijae. Wasio na gari wananunua mafungu njiani, na zamani wanawake walipanda nayo kichwani. Kila nyumba mlimani inayofuga inafanya hivi, na bila hivi ng'ombe wasingepita kiangazi.

Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni, pamoja na fosforasi nyingi ya mmea. Potasiamu yenyewe, sehemu kubwa imebaki kwenye mabua. Kwa hiyo shamba la Himo linatozwa mara mbili: punje zinakwenda sokoni na jikoni, mabua yanakwenda bandani. Yale makapi yanayobaki yanaliwa na mbuzi wa kupita au yanachomwa moto, na moto unapandisha naitrojeni hewani na kuacha majivu ambayo upepo wa Septemba unayapeleka unakotaka. Mabua yakishafika juu yanapita tumboni mwa ng'ombe, yanakuwa samadi, na samadi inaanzia, kama bibi alivyosema, migomba ya karibu na nyumba.

Hapo safu zangu mbili zikakutana. Kinachoingia kihambani ndicho kinachotoka Himo.

Viboko wa mto Mara hufanya kazi ya namna hii usiku kucha, wanakula majani nchi kavu na kuyashusha mtoni kwa kinyesi chao. Mnyama anahamisha rutuba, ndiyo tabia yake. Tofauti ni kwamba huku kwetu tumeamua sisi njia ya mnyama, na njia hiyo ina upande mmoja tu.

Makadirio yaliyofanywa kwa miaka ya mwanzo ya 1980 yalionyesha kwamba ardhi ya kilimo ya Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa ikipoteza kwa wastani kilo 22 za naitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasiamu kwa hekta kila mwaka. Takwimu za bara zima huficha mambo mengi. Ndani ya wastani ule kuna vihamba vinavyopokea na mashamba ya tambarare yanayolipa. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu mlima unapopigiwa mfano wa kilimo endelevu, hakuna anayelitaja shamba la chini. Kihamba kinastahili sifa zake. Shamba la Himo linastahili kutajwa.

Nilimwuliza mjomba: “Shikamoo mjomba. Gari likishuka, huwa linabeba nini?”

“Marahaba. Likishuka? Linashuka tupu. Labda abiria.”

Linashuka tupu.

Oktoba

Kahawa inaiva. Maganda mekundu na nyama ya tunda ni karibu asilimia 40 ya uzito wa buni mbichi, na yana potasiamu nyingi. Bibi alipokuwa na mashine yake ya mkono ya kumenyea, maganda hayo yote yalibaki hapahapa chini ya migomba. Siku hizi tunapeleka buni kwenye mashine ya pamoja, jambo jema kwa ubora na kwa bei, lakini maganda yanabaki kule. Rundo la mahali tunapopeleka sisi limekuwa kilima karibu na mto, linavuja maji meusi yanayonuka, na samaki wa mto hawana la kufanya na potasiamu yetu wala na uozo unaokula hewa yote ya majini.

Tumezungumza na wasimamizi tuchukue maganda kwa kadiri ya buni tuliyoleta. Wamekubali bila shida, walikuwa wanatafuta pa kuyapeleka. Tumechanganya na samadi kwenye rundo la bandani. Maganda mabichi peke yake yanashikana na kuwa uji usiopitisha hewa, kwa hiyo hapa tena mabua yaliyokatwa yanasaidia. Rundo lilipata joto mpaka mkono haukuweza kukaa ndani.

Novemba

Fosforasi. Hii ni tofauti na wenzake wote. Naitrojeni ikipotea, hewa imejaa nyingine na maharage yanaweza kuileta. Fosforasi haina mvuke wa kurudia angani kwa namna ya maana. Inatoka kwenye mwamba, inapita kwa viumbe, inakwenda na maji, na ikifika chini ya ziwa au bahari inakaa huko zama na zama. Na udongo wetu wa volkano una madini yanayoishika fosforasi kwa nguvu, hata ile iliyopo mzizi unaipata kwa shida. Mboji inasaidia hapo, kwa sababu asidi zake zinashindania nafasi zilezile kwenye madini.

Njia za asili za kuirudisha ni za ajabu. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama mto Mara kila mwaka wakati wa kuvuka. Nyama huisha ndani ya wiki chache, lakini mifupa hukaa mtoni takriban miaka saba ikitoa fosforasi kidogo kidogo. Na karibu na Ziwa Manyara, pale Minjingu, kuna fosfati inayochimbwa ambayo asili yake ni ndege. Zama hizo ziwa lilikuwa kubwa zaidi. Mnandi walivua samaki, wakarudi kutua, kinyesi chao na mabaki yao yakarundikana mpaka yakawa mwamba. Kilichokuwa majini kilipandishwa nchi kavu na ndege.

Nimenunua mfuko wa fosfati ya Minjingu. Unga wake huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali na vibaya pasipo na tindikali, kwa hiyo sikuumwaga Himo moja kwa moja. Nimeuchanganya kwenye rundo lenye maganda ya kahawa, ambako uozo unatoa asidi, ukae humo mpaka mboji ikomae.

Desemba

Mboji imekomaa. Rundo limeshuka, harufu ni ya msitu baada ya mvua, na ukiikamua haitoi maji. Samadi mbichi ni karibu asilimia 80 maji, kuishusha Himo ni kulipia petroli ya maji. Mboji hii inalipa safari.

Pikapu la mjomba limeshuka na viroba. Bibi alisimama mlangoni akaangalia vikipakiwa, nikajua anahesabu migomba yake. Nilimweleza kwamba mahindi ya Himo yakikosa nguvu, mabua yatapungua, na ng'ombe naye atapungua. Akafikiri kidogo, akasema viroba vya mwisho vibaki. Tumeviacha. Ni haki yake, na daftari limeandika hivyo.

Himo tumegawa shamba vipande vinne. Cha kwanza kinalimwa kama kawaida. Cha pili kinapata mboji, kiganja kimoja kwa kila shimo la kupandia, hainyunyizwi shamba zima maana haitoshi. Cha tatu hakipati mboji, ila mahindi yatapandwa pamoja na mbaazi, mizizi yake inashuka chini kuliko ya mahindi na majani yake yanadondoka shambani kabla ya mavuno. Cha nne kinapata vyote. Majirani kadhaa waliacha mbaazi baada ya India kuweka ukomo wa kuagiza mwaka 2017 na bei kuanguka. Sisi tutazila na kuzifanya mbegu, bei ikirudi ni nyongeza. Kwenye vipande vyote vinne nusu ya mabua itabaki chini baada ya mavuno, na mjomba ameshakubali kwamba ghala la juu ya banda litajazwa kwa mabingobingo tuliyopanda kwenye kingo za mfereji.

Vifuko vya nyavu vya mgrevilea bado viko chini ya migomba. Nitavipima tena masika yakianza, siku ileile tutakayopanda Himo. Anayetaka kufanya jaribio hili kwake anahitaji nyavu, mizani na daftari lenye safu mbili. Aanze kwa kuandika gari lake linabeba nini likienda na linabeba nini likirudi.